Mama wa miaka 47 katika nafasi ya msichana: yaliyotupata Iringa

Ndugu uliyeuliza kutoka Mbeya, umesema kikundi chenu kinaandaa mchezo wa nyimbo unaofuata hadithi ya msichana muuza maua anayefundishwa kusema kama mabibi wa tabaka la juu, na kwamba unataka nafasi ya msichana huyo apewe mama wa makamo na nafasi ya profesa apewe mwanamke, lakini wazee wa kikundi wanaona utaharibu mchezo unaojulikana dunia nzima. Nami niliwahi kufanya karibu hayo hayo Iringa, katika ukumbi wa parokia, mwezi wa saba, baridi ikiwa imewakaba waimbaji koo.

Hoja ya wazee kuhusu desturi isikusumbue. Tamthilia ya George Bernard Shaw iliyozaa mchezo huo ilipochezwa London mwaka 1914, Eliza, yaani huyo muuza maua, ambaye mwandishi anamkadiria miaka 18 au 20, aliigizwa na Mrs Patrick Campbell aliyekuwa na miaka 49. Hadithi ilipogeuzwa kuwa My Fair Lady na kuoneshwa New York mwaka 1956, profesa alikuwa Rex Harrison, mtu asiye mwimbaji, nyimbo zake zikatungwa kwa namna ambayo angeweza kuzisema kwa mdundo. Leo wengi wanadhani kusema kule ndiko tabia ya profesa mwenyewe, kumbe kulitokana na koo la mwigizaji. Mwaka 1967, katika mji huo huo, mchezo wa Hello, Dolly! uliokuwa umezoeleka kwa waigizaji weupe ulikabidhiwa waigizaji weusi watupu, wakiongozwa na Pearl Bailey na Cab Calloway. Basi wazee hawana desturi ya kulinda hapo.

Mimi, hata hivyo, sikumchagua yule mama kwa sababu ya mifano hiyo. Hatukuwa na haki ya kutumia nyimbo za My Fair Lady, kwa hiyo tulichukua hadithi ya Shaw tukatunga nyimbo zetu, na muuza maua tukamfanya muuza nyanya, kwani Iringa ukisubiri mtu anunue maua barabarani utalala na njaa. Nafasi ya Eliza tulimpa kwanza binti mwenye sauti ya kwanza nzuri kuliko wote, mzaliwa wa pwani, ambaye Kiswahili chake hakina doa. Akalazimika kuiga lafudhi ya Kihehe. Katika onyesho la majaribio watu walicheka, lakini nilipotazama viti vya nyuma, walikokaa akina mama waliotoka sokoni moja kwa moja, niliona hawacheki. Walikuwa wanasikia wakichekwa. Baada ya hapo tulimwomba mama mmoja wa kwaya, mwenye miaka 47, anayeuza vitunguu kweli, ambaye lafudhi hiyo ni yake na hana haja ya kuiga chochote.

Kazi ya muziki iliongezeka mara moja. Mama yule ni wa sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, na wimbo mkubwa tulikuwa tumeuandika kwa doh G. Tuliushusha hadi doh D, besi wakajikuta wananguruma mahali wasipofika, ikabidi tupange upya sauti zote nne. Tenga wiki mbili kwa jambo hili, na usimwachie mpiga kinanda alitatue usiku wa onyesho.

Lakini jambo ambalo sikulitarajia kabisa lilikuwa la umri. Profesa wetu alikuwa mwalimu wa kike wa miaka 31. Katika mazoezi ya kwanza alitakiwa amkaripie Eliza, akashindwa. Kila alipoingia jukwaani ulimi ulimtangulia na "shikamoo mama," kikundi kizima kikaangua kicheko, naye mama akaitikia "marahaba" kama kawaida. Ilituchukua siku nne kumzoesha kumwita mtu wa umri wa mama yake "wewe." Alipoweza, mchezo ukawa mwingine. Ule mstari wa mwisho wa My Fair Lady, ambapo profesa anauliza viatu vyake vya nyumbani viko wapi, sisi tuliufanya "niletee ndala zangu." Mwanamume akimwambia hivyo msichana, watu wetu hawashtuki sana. Mtoto wa juzi mwenye shahada alipomwambia hivyo mama mtu mzima, ukumbi uliguna wote kwa pamoja, na sikuhitaji kumweleza mtu yeyote kwamba hadithi hii ni ya dharau ya tabaka.

Kumweka mwanamke katika nafasi ya profesa kulitupunguzia pia tatizo la mwisho wa hadithi. Watazamaji hupenda wawili hao waoane, ingawa Shaw alikataa, na katika toleo la mwaka 1916 aliongeza maelezo marefu kwamba Eliza anaolewa na Freddy, kijana anayempenda. Kwetu swali hilo halikuulizwa na mtu. Waliuliza kama mama atarudi sokoni na lafudhi ipi, ambalo kwa maoni yangu ndilo swali lenyewe.

Tulipokosea ni kwa Freddy huyo huyo. Tulibadilisha wakubwa wawili tukamwacha mchumba kama alivyoandikwa, kijana wa miaka 22, mwembamba, akiimba chini ya dirisha la mama mwenye wajukuu. Watu walicheka tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na mama yule, aliyekuwa amebeba mchezo kwa heshima usiku wote, aliinamisha uso. Nilipaswa kumfanya Freddy kuwa mjane wa makamo, labda mwenye duka la jumla, na wimbo ule ule ungesimama bila kubadilisha neno. Nilikuwa nimesoma mistari ya Eliza na ya profesa moja baada ya nyingine nikijiuliza kila mmoja utasikikaje kinywani mwa mtu mpya, ila mistari ya wale wanaomzunguka Eliza sikuigusa.

Kwa hiyo kabla sijakwambia uendelee au usiendelee, tuambie: Freddy wenu ana umri gani, na nafasi ya baba yake Eliza mmempa nani?