Maswali ya Wasomaji: Silinda Nne kwenye Mawe ya Goma

SWALI: Ndugu Mhariri, vijana wa huku wanangojea pikipiki ndogo za spoti za Asia, zile za cc 250 zenye silinda nne. Je, nitunze pesa niagize moja? Naishi Goma, Himbi.

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na ile iliyowatia watu hamu: Kawasaki Ninja ZX-25R, iliyoanza kuuzwa Indonesia mwaka 2020. Inatoa nguvu za farasi kama 50, lakini kwenye mizunguko 15,500 kwa dakika. Chini ya hapo ni pole tu, na foleni ya Birere haitakuruhusu kufika huko.

Halafu kuna mwinuko. Goma iko mita 1,500 hivi, hewa ni nyepesi, kwa hiyo toa karibu asilimia 15: unabaki na farasi 42 au 43. Injeksheni hupunguza petroli ilingane na hewa, ila oksijeni hairudishi.

Petroli ndiyo hatari zaidi. Injini inakandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli 11.5 kwa 1, kwa hiyo inataka petroli safi. Ile ya chupa ya makadhafi, wauzaji wa petroli wa barabarani, ikichanganywa na mafuta ya taa, itaifanya igonge mpaka pistoni zitoboke. Ukisikia mlio kama misumari ndani ya kopo unapopanda mlima, punguza gesi papo hapo.

Fundi naye atahesabu bujia (plagi) 4 na valvu 16. Oili iwe ya JASO MA, daraja la oili ya pikipiki ambazo klachi yake inaogelea kwenye oili ya injini. Ya gari inaweza kufanya klachi iteleze.

Kwa mawe yetu ya lava, silinda moja ya 150 inatosha. Rimu zitakushukuru.