Kocha anamtaka mwanangu mwaka huu

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Minnesota. Mwanangu Idi yuko darasa la 11, atatimiza miaka 17 mwezi wa 7, na anacheza hoki ya barafuni. Kocha wa chuo kikuu kimoja anataka Idi asome masomo ya darasa la 12 wakati wa likizo, amalize sekondari mwaka mmoja kabla ya wenzake, aanze chuo vuli hii. Baba yake anasema bahati haibishi hodi mara mbili. Mama yake mdogo aliye Tanga anasema tunamuuza mtoto. Tangu kocha apige simu, Idi anakula kimya, anafuta viatu vyake vya barafu, anaingia kulala. Jibu linatakiwa mwezi huu. – Mama Idi*

Marahaba, Mama Idi. Barua yako nimeisoma mara tatu nikimtafuta Idi. Baba kasema, mama mdogo kasema, kocha kasema. Yeye mwenyewe kasema nini? Nimekuta kijana anayefuta viatu kimya kimya, basi.

Baba yake hajakosea kuona kwamba jambo hili linawezekana. Noah Hanifin aliwahi kumaliza sekondari mapema, akaichezea Boston College mwaka 2014 akiwa na miaka 17, na mwaka uliofuata timu ya Carolina ikamchagua wa 5 katika uteuzi wa vijana wa NHL, ligi kuu ya hoki ya kulipwa huko Amerika Kaskazini. Macklin Celebrini naye aliingia Boston University na miaka 17, na mwaka 2024 akatwaa tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa vyuo. Lakini hao walikuwa miongoni mwa vijana bora kabisa wa rika lao. Hoki ya vyuo ni ya watu wazima, dada. Vijana wengi wakitoka sekondari hucheza kwanza ligi za vijana mwaka mmoja au miwili, wakaingia chuo na miaka 19, 20, hata 21. Na tangu Agosti 2025 milango ya vyuo imefunguliwa hata kwa wachezaji wa ligi kubwa za vijana za Kanada, waliokuwa wakizuiwa zamani. Idi wako atabanwa ukutani na wanaume wa miaka 23. Muulize kocha waziwazi: atacheza, au atakaa jukwaani mwaka mzima akiwatazama wenzake?

Muulize pia kama nafasi itakuwepo akija mwaka kesho. Akisema ipo, basi haraka yote hii ni ya timu yake, si ya mwanao. Habari ya ada usiipokee kwa simu. Iwe kwenye maandishi: analipiwa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na akiumia goti itakuwaje. Kama ni chuo cha Ivy League, lile kundi la vyuo mashuhuri kama Harvard na Yale, jua kwamba hawatoi ufadhili wa michezo kabisa.

Kuhusu masomo, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inadai masomo 16 ya msingi, yakiwemo manne ya Kiingereza na matatu ya hesabu. Si kila kozi ya mtandaoni wanaikubali. Kabla hujatoa hata dola moja, mpelekee mshauri wa shule orodha ya kozi hizo, aihakiki.

Sasa nikwambie langu. Mimi nilirukishwa darasa, nikapelekwa bweni na wasichana walionizidi miaka miwili. Hesabu niliziweza. Usiku ndio ulionishinda: wenzangu wakizungumza mambo yao, mimi najifunika shuka gubigubi nijifanye nimelala. Wazazi wangu walifurahi mno, kwa hiyo sikuwaambia. Mpaka leo najiuliza ningesema nini kama kuna mtu angeniuliza kabla. Ndiyo maana kimya cha Idi kimenigusa.

Kocha mwambie unahitaji wiki mbili zaidi. Anayemtaka mtoto kweli atasubiri. Baba Idi mwombe asimseme kijana mezani kwa siku hizo.

Halafu ile alfajiri ya mazoezi, umpeleke wewe. Mkiwa garini, nyote mnatazama barabara, muulize: "Idi, ungekuwa unaamua peke yako, ungekwenda?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu, hata mkifika uwanjani hajasema neno. Kurudi pia mpo wawili.

Niandikie alichosema.