Maswali ya Wasomaji: Sanamu ya Mwanasoka Huvunjikia Kifundoni

Sisi ni mashabiki wa Kondele, Kisumu. Tunachanga pesa tumjengee sanamu kiungo wa zamani wa mtaa wetu, ambaye sasa ni marehemu. Tumeambiwa simiti, tukaambiwa faibaglasi, tukaambiwa shaba. Tushike lipi?

Kabla ya kuchagua malighafi, tazameni miguu. Mwanasoka huchongwa akipiga mpira, mguu mmoja hewani, hivyo uzito wote hushukia kifundo kimoja. Sanamu ya shaba ya Zlatan Ibrahimović ilizinduliwa Malmö, Sweden, Oktoba 2019. Aliponunua hisa za klabu pinzani ya Hammarby, mashabiki wa Malmö waliokasirika waliiandama, na Januari 2020 ikakatwa vifundoni ikaanguka. Ile ya Lionel Messi mjini Buenos Aires nayo ilikatwa vifundoni Desemba 2017. Msumeno hutafuta pembamba, na upepo nao pia.

Shaba ndiyo hudumu, lakini ndiyo ghali. Husubiwa ikiwa tupu ndani, ukuta wa milimita 5 hivi, na sanamu ya kimo cha mtu mzima hufika kilo 200 au zaidi. Humiminwa ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200, kisha hunywea kwa takriban asilimia 2 inapopoa; mchongaji aongeze mapema kimo cha sanamu ya udongo inayotengenezwa kwanza. Katika mguu wa kusimamia pitisheni bomba la chuma cha pua lishuke angalau sentimita 60 ndani ya msingi. Msikubali chuma cheusi hapo. Kikigusana na shaba kwenye unyevu hushika kutu haraka, na hamtaliona tatizo mpaka sanamu ianze kuyumba. Tobo dogo la kutolea maji liachwe kwenye unyayo.

Mfuko ukiwa mdogo, simiti inafaa sana ikitendewa haki: nondo mbili za milimita 12 kwenye mguu wa kusimamia, za milimita 8 kwingine, wavu wa kuku tabaka mbili, kisha mchanganyiko wa simiti moja kwa mchanga wa mtoni uliochekechwa mbili. Maji yasizidi lita 22 kwa mfuko wa kilo 50. Funikeni kwa magunia yaliyoloa siku 14. Kosa kubwa ni hili: fundi hutaka kifundo chembamba cha kupendeza, akaiacha nondo milimita 5 tu chini ya ngozi. Inahitaji milimita 20. Kama kifundo hakiruhusu, wekeni mpira mguuni, au bendera ya kona nyuma ya goti, ibebe sehemu ya uzito. Wachongaji wa mawe wamekuwa wakificha gogo la mti nyuma ya mguu tangu enzi za Warumi, na hakuna aliyewalaumu.

Faibaglasi ni nyepesi, lakini jua huichosha. Iwe ya ukumbini. Jiwe la sabuni, lile laini la kuchonga la Tabaka, Kisii, ni zuri kwa kichwa na mabega ndani ya nyumba. Nje hukwaruzika kwa urahisi.

Msingi nao: penye udongo mweusi kama wa nyanda za Kano, chimbeni mpaka muondoe udongo huo wote. Huvimba mvua ikinyesha na hupasuka kiangazi, na sanamu huinama pamoja nao. Barua ya idhini ya kaunti na ya familia zipatikane kabla ya kununua mfuko wa kwanza.

Kimo je? Juu ya jukwaa la mita moja na nusu, sanamu ya kimo halisi huonekana kama mtoto. Ongezeni robo hadi theluthi. Ya Sir Alex Ferguson pale Old Trafford, iliyozinduliwa 2012, ina urefu wa futi 9.

Kwa nini sanamu nyingi hazifanani na mtu mwenyewe? — Msomaji, Kakamega

Watu huilaumu sura, kama ilivyokuwa kwa kichwa cha Cristiano Ronaldo kwenye uwanja wa ndege wa Madeira, kilichozinduliwa 2017 na kubadilishwa mwaka uliofuata. Lakini mara nyingi tatizo huanzia mwilini. Sanamu ya Ted Bates, kocha wa zamani wa klabu ya Southampton, Uingereza, iliondolewa siku chache tu baada ya kuzinduliwa 2007 kwa sababu miguu ilikuwa mifupi mno. Mpya ikaja 2008. Pimeni sanamu ya udongo kwa kamba: nusu ya kimo cha mtu mzima iko kwenye kinena, au karibu sana.

Kwenye sura, jihadharini na tabasamu la meno. Kwenye picha meno ni meupe na midomo ina rangi yake. Kwenye shaba vyote ni rangi moja, na kicheko hugeuka kuwa maumivu. Afadhali mdomo uliofungwa. Tena huku kwetu jua la adhuhuri liko utosini, kivuli cha nyusi huyameza macho. Mchongaji asichimbe macho kwa kina kama anavyofanya mchongaji wa Ulaya. Mpeni picha za mbele, ubavu na nyuma za umri uleule, kisha sanamu ya udongo itolewe nje saa sita mchana, waitwe wazee waliocheza naye. Hao watamtambua kwa mabega kabla ya pua. Baada ya kalibu kutengenezwa, kila sahihisho ni gharama.

Sanamu ya simiti ya shule yetu, Vihiga, ina ufa mguuni wenye doa la kahawia. Tumepaka rangi mara mbili, unarudi. Tufanyeje?

Hiyo ni kutu. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo husukuma simiti kutoka ndani, na rangi haiwezi kuizuia. Egemezeni sanamu kwanza. Gongeni kwa nyundo ndogo. Panapolia tupu pamejitenga, patoeni pote kwa patasi mpaka sentimita 2 nyuma ya nondo. Sugueni nondo kwa brashi ya waya pande zote mpaka ing'ae, pakeni rangi ya zinki, mjaze simiti mpya mkiwa mmelowesha kingo za zamani, kisha gunia bichi siku 7. Nondo iliyoliwa zaidi ya robo ya unene ichomelewe mwenzake. Msipake rangi ya mafuta, hufungia unyevu ndani. Baada ya mwezi gongeni tena, na pakilia tupu, fungueni upya.