Mwanza–Bukoba kwa ndege: kilomita ngapi, muda gani?

Mkuu, umeuliza kwa nini tovuti moja inakuambia safari ya Mwanza–Bukoba ni dakika 20 na tiketi inasema dakika 45. Zote ziko sawa, ila zinapima vitu viwili tofauti.

Umbali wa moja kwa moja kati ya viwanja hivyo viwili ni kama kilomita 175, karibu wote juu ya Ziwa Victoria. Hizo tovuti huchukua umbali na kuugawa kwa mwendo wa ndege ikiwa imeshatulia angani. ATR, ile ndege ya abiria ya mapanga, ikitulia inakimbia karibu kilomita 500 kwa saa, ndiyo hizo dakika 20. Lakini kwa safari fupi hivi haipati muda wa kutulia: inapanda, inakaa kidogo, inaanza kushuka. Halafu ratiba inahesabu tangu ndege inapoanza kuondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama upande wa pili. Amini tiketi.

Mimi nakaa Nyegezi, na njia hii naipita mara kwa mara. Uwanja wa Mwanza uko kaskazini, kwa hiyo lazima nivuke mji mzima, na foleni ya asubuhi mnaijua. Ongeza kuripoti mapema na kusubiri begi, safari ya dakika 45 inakula saa tatu na ushee. Upande wa Bukoba ni raha, uwanja uko pale pale mjini kando ya ziwa. Bodaboda inakufikisha kabla hujamaliza kupiga simu ya "nimefika".

Barabara ni hadithi nyingine, maana inazunguka kona ya ziwa: Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, zaidi ya kilomita 400. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ile foleni ya kivuko imeisha, lakini bado ni safari ya kutwa. Meli nayo inaondoka Mwanza usiku, asubuhi uko Bukoba. Ukiwa na mikungu ya ndizi au ndoo ya senene, achana na ndege, panda meli.

Kitu ambacho hakuna tovuti itakuambia ni hali ya hewa. Bukoba ni mji wa mvua, na mawingu ya asubuhi yanaweza kushuka hadi ziwani. Niliwahi kuwa ndani ya ndege iliyozunguka juu ya ziwa, mwishowe ikaturudisha Mwanza, tukaondoka tena mchana. Hakuna aliyelalamika kwa rubani, njia ya kurukia pale ni fupi na maji yako mlangoni.

Kwa hiyo kama unatoka Bukoba kuunganisha ndege ya Dar pale Mwanza, usikate tiketi mbili za makampuni tofauti zenye pengo la saa moja. Kata tiketi moja mpaka Dar, ndege ya kwanza ikichelewa wao ndio watajua wakupeleke vipi.