Kabla ya sanduku, nunua taa: kwa anayeanza kufuga kobe ndani

Wengi wanaoniuliza habari za kufuga kobe huku Uingereza huanza na sanduku: liwe la kioo au la mbao, ukubwa gani, linauzwa wapi. Sanduku ndilo jambo rahisi. Kabati la vitabu la mtumba ukililaza chali, ukang'oa rafu na kutandika nailoni nzito ndani, limetosha. Kwa kobe mdogo wa Hermann, ambaye ndiye anayepatikana sana huku, tafuta urefu wa sentimita 120 na upana wa 60 hivi, na juu pawe wazi. Kioo achana nacho. Kobe haelewi kioo. Atakiparura kutwa nzima akitaka kupita, na hewa ya humo ndani hutuama.

Pesa zipeleke kwenye taa. Asili ya kobe huyu ni kusini mwa Ulaya, kandokando ya Mediterania, na mwili wake haujipashi joto wenyewe. Anahitaji joto ili chakula kisagike, na mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ili atengeneze vitamini D3. Akiikosa hiyo, kalsiamu haifiki mifupani na gamba hulainika. Jua la dirishani lisikudanganye, kwani kioo huzuia karibu UVB yote. Nunua taa ndefu ya UVB aina ya T5, yaani ile ya mrija mwembamba, na taa ya joto iwe upande mmoja tu. Ziwashe kwa muda wa saa 12 hivi kila siku, usiku zima zote. Ile ya UVB ibadilishe kila mwaka hata kama bado inawaka, maana mionzi huisha na mwanga ukabaki. Andika tarehe kwenye kitako chake, utasahau tu.

Sasa pima. Weka kigae bapa chini ya taa ya joto, kipimajoto kikae juu ya kigae, kwenye kimo cha gamba, kisha subiri saa nzima. Unatafuta nyuzi 32 hadi 35. Ikizidi, pandisha taa, ikipungua, ishushe. Upande wa pili ubaki kwenye 20 au 22, apate pa kukimbilia, na hapo umwekee kijumba cha kujificha. Kile kipimajoto cha kubandika ukutani kinapima ukuta, kobe hakai ukutani. Taa yenyewe ining'inize kwa mnyororo na ndoano. Kibanio peke yake usikiamini: siku kikiachia, taa ya moto inaangukia kwenye makumbi makavu uliyotandika chini, na hiyo ni nyumba kuungua.

Chini tandika udongo usiotiwa mbolea uliochanganywa na mchanga, au vumbi la makumbi, kina kisipungue sentimita 10 ili ajifukie. Uwe na unyevunyevu kwa chini, si tope. Mtoto wa kobe akikulia pakavu, gamba huota vilima, na vilima hivyo havitoki tena. Mara kadhaa kwa wiki mloweke kwa dakika 15 kwenye maji ya uvuguvugu yanayomfika kidevuni. Atakunywa na kujisaidia humo humo, nawe umepunguziwa kazi ya usafi.

Chakula ni magugu: dandelioni, klova na mengineyo yasiyopigwa dawa. Matunda hapana, hata watoto wakililia.

Utaambiwa kobe mmoja atakuwa mpweke. Si kweli, na madume wawili ndani ya kabati moja wataumizana.

Walio nyumbani Tanzania au Kenya, kobe wa porini haokotwi. Bila kibali ni kosa kisheria. Huku nako, muuzaji akupe cheti cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama walio hatarini, cha kobe huyo huyo unayemnunua. Akisema kitafuata kwa posta, mwachie kobe wake. Akiwa nacho, bado usimchukue leo: washa taa zote siku mbili tatu sanduku likiwa tupu, upime asubuhi na jioni, joto likitulia ndiyo ukamlete.