Simu chini ya mto na seli za mtoto

Dada yangu wa Ujiji, umeuliza kama simu unayoilaza chini ya mto inaharibu seli za mwanao anayelala ubavuni pako. Mawimbi ya simu ni ya redio, na nguvu yake ni ndogo mno kuweza kukata vinasaba ndani ya seli kama eksirei inavyoweza. Athari iliyothibitika ni kupasha tishu joto kidogo, ndiyo maana Ulaya imeweka kikomo cha wati 2 kwa kilo moja ya tishu za kichwa, na Marekani wati 1.6. Hata hivyo sisemi kwamba swali limefungwa: mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi haya katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi uliokuwepo ulikuwa finyu.

Huku kwetu ziwani, ukishuka nyuma ya kilima na mtandao ukabaki mstari mmoja, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara, ilhali imegusana na sikio lako. Joto unalolihisi shavuni baada ya mazungumzo marefu, lakini, hutoka zaidi kwenye betri na vifaa vya ndani. Mawimbi hudhoofika haraka sana kadiri simu inavyokaa mbali, kwa hiyo zungumza kwa spika, na usiku iache mezani, hasa inapochajiwa, kwa sababu betri iliyofunikwa na mto inaweza kushika moto, na hilo mimi naliogopa kuliko mawimbi.