Kabla hujahamishia nyumba yako Kampala: maneno kwa mwalimu aliyeitwa kazini na shule ya kimataifa

Kila ifikapo Januari simu yangu huanza kulia. Ni walimu wa Mombasa, wa Nairobi, juzi mmoja wa Tanga. Wamehojiwa kwa video na shule ya kimataifa ya hapa Kampala, wamepata barua ya kazi, na kila mmoja ananiuliza kama mshahara ule utatosha. Mimi huwarudishia swali: mtoto wako mkubwa ana umri gani?

Hushangaa kidogo. Mmoja alidhani namchimba.

Nilihamia hapa Agosti 2018 kufundisha hisabati, nikitoka shule ya binafsi Mombasa. Watoto wetu watatu walikuwa na miaka tisa, sita na miwili. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na ndani yake nafasi mbili za watoto bila ada. Hizo nafasi ndizo zilizonivuta, nisikudanganye. Shule hizi hutoza kwa dola, na ada ya mtoto mmoja kwa mwaka mwalimu wa kawaida haiwezi hata akiuza shamba. Nikasema Mungu kaniletea riziki mlangoni. Sikujiuliza riziki hiyo itadumu hadi lini.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu mengine yote utayajua ukishafika. Nafasi ya mtoto imefungwa kwenye kazi yako. Kazi ikiisha, na nafasi imeisha. Mtoto naye hayuko tena kwenye mfumo wa nyumbani. Yuko kwenye ngazi ya Kiingereza, na ngazi hiyo ina mahali ambapo mtu hawezi kushuka bila kuumia. Mtihani wa IGCSE, ule wa sekondari wa mfumo wa Uingereza, husomewa miaka miwili, Mwaka wa 10 na wa 11, mtoto akiwa na umri wa kama miaka 14 hadi 16. Ukimtoa katikati hana cheti chochote. Kenya kidato cha juu sasa huanza Gredi ya 10, na wanafunzi hupangiwa shule kwa matokeo ya mtihani wa Gredi ya 9 ulioanza kufanywa 2025, wako hakuufanya. Hapa Uganda wenzake wanauendea mtihani wa taifa wa UCE wa mwisho wa S.4 (kidato cha nne), tena kwa mwaka wa masomo unaoanza Februari, wakati shule za kimataifa huanza Agosti au Septemba. Kila upande atapoteza nusu mwaka au zaidi. Kumsajili kwa IGCSE kama mtahiniwa wa nje kunawezekana, ila masomo ya maabara yatakuhangaisha.

Mimi nililigundua hili 2022, wakati wa kutia saini mkataba wa tatu. Nilikuwa nimekaa jikoni na kalenda ya ukutani. Mkataba ungeisha Julai 2024. Mkubwa wangu angeingia Mwaka wa 10 Agosti 2023, na mtihani wake ungekuwa Mei na Juni 2025. Yaani shule ikiamua tu kutoniongezea muda, kijana angekatwa katikati kabisa ya mto. Nilihisi baridi, na si ya hewa ya Kampala.

Nikaomba mkataba wa miaka mitatu. Wakakataa, wakasema taratibu zao ni miaka miwili kwa kila mtu. Basi nikaomba sentensi moja: endapo mkataba hautaongezwa, mtoto aliyekwisha kuanza Mwaka wa 10 atamaliza mtihani kwa masharti yale yale ya ada. Walinizungusha wiki tatu. Mwishowe waliiandika. Sikuja kuihitaji, lakini miaka ile mitatu nililala usingizi.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika umri wa kila mtoto na mwaka atakaofika Mwaka wa 10, halafu chini yake andika tarehe ya mwisho ya mkataba. Mwenye watoto wadogo, miaka minne au mitano, ana nafasi ya kujaribu na kurudi bila hasara kubwa. Mwenye wa miaka 12 au 13 asitie saini kabla ya kupata sentensi hiyo kwa maandishi. Ahadi ya mkuu wa shule kwenye simu haifai kitu, maana wakuu wa shule hizi nao wako kwenye mikataba, na anayekuajiri leo huenda mwakani yuko nchi nyingine.

Mshahara nao una hesabu yake, fupi. Usitazame tarakimu ya kwenye barua. Tuseme umeandikiwa shilingi milioni 6 za Uganda kwa mwezi. Kodi ya PAYE kwa kinachozidi 410,000 ni asilimia 30, kwa hiyo, ukijumlisha na ya viwango vya chini, inakwenda kama 1,702,000. NSSF wanakata asilimia 5, yaani 300,000 (mwajiri naye anaongeza asilimia 10 juu yake, hiyo ni yako, ifuatilie). Unabaki na 3,998,000. Kisha kuna kodi ya huduma ya halmashauri, hadi 100,000 kwa mwaka, ambayo hukatwa kidogo kidogo na huwashtua wageni. Kwa hiyo uliza kwanza kama kiasi walichokutajia ni kabla ya makato au baada yake, na kama ni kwa dola au kwa shilingi. Uliza pia kuhusu nyumba, bima ya matibabu ya familia nzima, nauli ya kurudi nyumbani likizo, na kiinua mgongo.

Vibali havina shida sana kwetu. Wakenya na Wanyarwanda hatulipii ada ya kibali cha kazi, ingawa kibali chenyewe lazima uwe nacho. Ila mwalimu uliyeajiriwa na TSC, tume ya walimu ya Kenya, nakuomba usijiuzulu kwa sababu ya barua pepe nzuri. Ngoja mkataba uliosainiwa na pande zote mbili.

Mume wangu ndiye aliyelipa gharama ambayo hatukuiandika popote. Alikuwa kliaringi bandarini Mombasa, na mizigo mingi aliyoitoa ilikuwa ya Uganda hii hii. Tulidhani atafika Kampala apokelewe na watu wanaomjua kwa simu miaka kumi. Walimpokea, wakamnunulia chai, kazi hawakumpa. Hati ya kukaa nchini kama mtegemezi wa mke haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa. Lazima apate kibali chake mwenyewe, na mwajiri wa kukihangaikia. Na mwanamume kumfuata mke kazini, kwetu Pwani, ni habari ya barazani mwaka mzima. Alikuwa akipeleka watoto shule, akirudi anakaa sebuleni na simu mbili akifuatilia makontena ya watu wengine. Tuligombana mwaka ule kuliko miaka kumi na miwili ya nyuma.

Basi mwenzako aulizwe kabla ya wewe kujibu barua. Akiwa muuguzi, ajue lazima asajiliwe na baraza la wauguzi la hapa. Akiwa mfanyabiashara, aje kwanza wiki mbili atembee Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, aone. Na kama kazi yake ya nyumbani ni nzuri kuliko yako, hilo nalo ni jibu.

Kisha likaja la Machi 2020, korona. Uganda ilifunga shule, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi 10 Januari 2022. Sisi wa kimataifa tulifundisha kwenye skrini, lakini wazazi wageni walikuwa wamesharudi makwao na watoto wao, ada ikapungua, na mwajiri wangu akakata theluthi ya mshahara kwa mihula miwili. Kodi ya nyumba haikupungua hata shilingi. Mume wangu siku mpaka ulipofungwa alikuwa Mombasa kwa shughuli za mizigo. Malori aliyoyashughulikia yalivuka Malaba, yeye hakuvuka hadi Oktoba. Tangu hapo huwaambia wanaokuja: weka pembeni fedha za kuirudisha familia yote nyumbani na kukaa miezi mitatu bila mshahara. Kama huna hizo, tangulia peke yako mwaka wa kwanza. Upweke unauma, nakubali, lakini mwalimu mmoja anaweza kurudi na begi moja.

Ya mjini ni mepesi. Panga karibu na shule hata kama nyumba ni ndogo. Jemu ya Barabara ya Ggaba au ya Entebbe saa moja asubuhi itakula maisha yako. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi mitatu mbele, wengine sita, na broka naye anataka chake. Umeme ni wa kulipia kabla, unaitwa Yaka. "Teksi" hapa ni matatu yako. Ugali ni posho. Samaki ni ngege wa ziwani, watamu, ila nazi utaitafuta. Wenye kutaka madrasa kwa watoto hawatahangaika, mtaa wa Kibuli wenye msikiti na shule za Kiislamu uko hapo.

Lugha ndiyo iliyonishinda. Kiswahili kiliwekwa kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini sokoni Kampala utaitwa "nyabo" au "ssebo" na kuuziwa kwa Kiganda, na wazee wengi bado Kiswahili kinawakumbusha wanajeshi. Mtoto wangu mdogo aliyekuja na miaka miwili sasa anamwita bibi yake wa Mombasa "jjajja" kwenye simu. Bibi hucheka, halafu huniuliza mimi, kwa sauti nyingine, tutarudi lini.

Yule mwalimu wa Tanga ana kijana wa miaka 13. Tulihesabu pamoja kwenye simu: mwaka wa kwanza wa mkataba Mwaka wa 9, wa pili Mwaka wa 10, kisha mkataba umekwisha na mtihani umebakisha mwaka. Akanyamaza kidogo. Nikamsomea ile sentensi yangu neno kwa neno, akaiandika. Barua yake ya kazi inataka jibu ndani ya siku tano. Nimemwambia aombe kumi. Mimi niliomba kumi na nne mwaka ule wa 2018, wakanipa bila neno.